Mhudumu hupimwa, mbona mashine ya barafu isikaguliwe?

Wakazi wengi wa miji yetu siku hizi wamekuwa waangalifu sana kuhusu maji ya kunywa. Mama wa nyumba huyachemsha maji ya mfereji au kuyatia dawa, akayafunika vizuri, kisha akawaonya watoto wasinywe maji ovyo njiani. Baba akienda mkahawani huagiza maji ya chupa na kuhakikisha kwamba kizibo hakijafunguliwa. Halafu mtu yuyo huyo, bila ya kufikiri mara mbili, humwita weita amtilie vipande vitatu au vinne vya barafu katika gilasi. Hajui barafu hiyo imetokana na maji gani. Hajui imekaa wapi, wala ni nani aliyeichota na kwa chombo gani.

Barafu ni chakula. Hii si fasihi wala si mafumbo, ni jambo la afya. Kitu chochote kinachoingia kinywani mwa binadamu na kumezwa ni chakula au kinywaji, na kinastahili kutunzwa hivyo. Lakini katika mahoteli, mabaa na kumbi zetu nyingi, mashine ya barafu huhesabika pamoja na jenereta na pampu ya maji, yaani mtambo wa kushughulikiwa na fundi ukiharibika.

Ninapomhoji mgonjwa anayeendesha, swali la kwanza huwa ni nini alichokula na wapi. Jibu moja nimelisikia mara nyingi: "Daktari, mimi pale harusini sikula kitu, nilikunywa soda tu." Soda ya chupa kwa kawaida haina neno. Kwa hiyo huuliza tena kama ilikuwa na barafu. Hapo wengi husita, kwa sababu hawakuwa wameihesabu barafu kama kitu walichokunywa. Sisemi kwamba barafu ndiyo iliyowadhuru wagonjwa hao wote, maana kuhara kuna sababu nyingi na bila uchunguzi wa maabara mtu hawezi kuapa. Ninachosema ni kwamba mtu akitafuta chanzo cha ugonjwa wake huipita barafu kana kwamba haikuwepo mezani.

Chanzo cha kuisahau huko ni imani kwamba baridi huua viini. Haiviui. Baridi huvilaza. Baadhi hufa wakati maji yanapoganda, lakini wengi hubaki hai wakingoja barafu iyeyuke. Hata sisi wenyewe katika maabara tukitaka kuvihifadhi viini kwa miaka mingi, huviweka katika friji kali za kugandisha. Viini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu vyote vyaweza kukaa ndani ya barafu na kutoka vikiwa na nguvu. Virusi vya kuhara na kutapika, pamoja na vile vya homa ya manjano ya ini aina ya A, huvumilia baridi hata zaidi.

Kuna wale wanaojiliwaza kwamba kileo kitamaliza kazi. Mwaka 1985 watafiti wa Texas, Marekani, waligandisha barafu yenye viini vya kuhara, kisha wakaiyeyusha ndani ya soda na ndani ya vileo vikali kama vile wiski na tekila. Viini havikumalizika. Wiski yenyewe pengine ni kali ya kutosha kuua vingi, lakini ikishachanganywa na soda na maji ya barafu inayoyeyuka, ukali huo hupungua upesi. Basi mnywaji wa wiski asimcheke mnywaji wa maji ya machungwa.

Mifano ya barafu kuleta maradhi si ya kubuni. Mwaka 1987 mafuriko yaliingia katika visima vya kiwanda kimoja cha barafu katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Barafu hiyo iliuzwa kama kawaida, ikafika kwenye mchezo wa kandanda ya Kimarekani na kwenye sherehe katika jimbo jirani la Delaware, na watu wengi sana wakashikwa na kutapika na kuhara. Mwaka 1991 kipindupindu kilipoingia Peru, uchunguzi uliofanywa katika mji wa Piura ulionyesha kwamba vinywaji vya barabarani, hasa vilivyotiwa barafu, vilikuwa miongoni mwa njia ugonjwa ulizopitia.

Kwetu hapa tusijidanganye kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa mitaa ya mabanda peke yake. Mnamo Juni na Julai 2017 kiliwakumba watu waliohudhuria mikutano na maonyesho katika mahoteli na kumbi za hadhi jijini Nairobi. Wizara ya Afya ilifunga kwa muda baadhi ya mahoteli na kuamuru wahudumu wa vyakula nchini wapimwe upya. Mlipuko mwingine ulioanza Oktoba 2022 ulihusishwa na harusi iliyofanyika Limuru. Simtuhumu mtu wala mashine yoyote kwa hayo. Nataka tu msomaji aone kwamba zulia jekundu na vitambaa vyeupe vya meza havizuii viini, na kwamba agizo lile la 2017 lilihusu wahudumu. Hilo ndilo linalonisumbua, nami nitalirudia baadaye.

Kwanza ni heri tuifahamu mashine yenyewe. Wengi hudhani ni friji kubwa tu ambayo maji huingia upande mmoja na barafu kutoka upande mwingine. Katika mashine za kawaida za mahoteli, maji huingia kwenye trei, pampu huyapandisha na kuyamwaga juu ya bamba la chuma lililo baridi kali. Yanapotiririka, maji huganda kidogo kidogo juu ya bamba, na yale yasiyoganda hurudi kwenye trei na kupandishwa tena. Maji halisi ndiyo yanayotangulia kuganda, ilhali chumvi na uchafu mwingine husukumwa kando. Ndiyo maana vipande vya mashine hizi hung'aa kama kioo, tofauti na barafu ya friji ya nyumbani iliyo nyeupe katikati. Vipande vikishakuwa vinene, gesi ya moto hupitishwa nyuma ya bamba, navyo huachia na kuanguka kwenye sanduku lililo chini.

Msomaji makini ameshaliona tatizo. Ule uchafu uliosukumwa kando umekwenda wapi? Umebaki kwenye trei. Mashine humwaga maji hayo mara kwa mara, lakini si yote yanayotoka, na kila duara la kazi huacha tabaka jembamba juu ya bamba, ndani ya mipira ya maji na kwenye pampu. Hilo ni ukoko mweupe, ndugu wa ule tunaouona ndani ya birika la chai. Ukoko huo wenyewe hauui mtu. Lakini una mashimo madogo madogo, na mashimo hayo ni nyumba nzuri ya viini.

Halafu kuna utelezi. Ndani ya mashine kuna giza, unyevu na hewa inayoingia kutoka jikoni au baa. Ukipitisha kidole kwenye kuta za juu, mahali ambapo macho hayafiki, waweza kukuta utando unaoteleza, wakati mwingine wa rangi ya waridi au ya kahawia, na pembeni madoa meusi ya kuvu. Hamira inayopeperuka kutoka mahali panapookwa mikate, au mvuke wa bia kwenye baa, huulisha utando huo ukanenepa. Viini vilivyojificha chini yake ni vigumu kuviua, kwa sababu dawa hugonga juu tu, haizami.

Jambo jingine lisilojulikana sana ni kuhusu chujio. Mwenye hoteli hufunga chujio la makaa ili barafu isinuke klorini, na hapo hudhani ameongeza usafi. Chujio hilo huondoa harufu kweli, lakini huondoa na klorini yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiyalinda maji. Kutoka hapo maji hayana mlinzi. Na chujio lisilobadilishwa kwa muda mrefu huwa lenyewe ni shamba la viini. Sisemi liondolewe. Libadilishwe kwa wakati uliowekwa na watengenezaji, na watu wajue kwamba mashine yenye chujio inahitaji kusafishwa zaidi, wala si kidogo.

Hali ya miji yetu nayo huongeza taabu. Maji ya mgao hukatika na kurudi, na yanaporudi huja na tope na kutu ya mabomba. Yakikatika, wenye biashara huletewa maji kwa malori au hutumia visima, na si kila lori hueleza limeyachota wapi. Stima ikipotea kwa saa kadhaa, maji yaliyo kwenye trei hukaa yakapata joto la chumba, na viini havihitaji mwaliko zaidi ya huo. Pwani kuna shida yao. Maji ya visima vinavyochimbwa katika mawe ya matumbawe ni mazito kwa chokaa, na mashine inayoyatumia hushikwa na ukoko mapema kuliko ile inayotumia maji ya mfereji wa Nairobi, ambayo yanatoka milima ya Nyandarua na ni laini. Kwa hiyo ratiba moja haiwezi kufaa nchi nzima.

Ni nani, basi, anayeisafisha mashine hii? Ukiuliza katika hoteli nyingi utaambiwa kuna fundi. Lakini fundi wa friji huitwa barafu inapopungua. Atapuliza vumbi kwenye kondensa, atapima gesi, atabadilisha kifaa kilichoharibika, barafu itaanguka tena na meneja atatabasamu. Fundi amefanya kazi aliyoitiwa. Mashine inayotoa barafu nyingi huhesabika kuwa nzima, hata kama kuta zake za ndani zina ndevu. Mpishi hudhani ni kazi ya fundi, fundi hudhani ni kazi ya watu wa usafi, na watu wa usafi wamepewa sakafu na vyoo. Nimepata kuonyeshwa mashine moja katika ukumbi wa sherehe ambayo nje iling'arishwa kila asubuhi hata unajiona uso, lakini hakuna mfanyakazi aliyejua namna ya kulifungua bamba la mbele.

Sanduku la kuhifadhia barafu lina dhambi zake peke yake. Watu wengi hudhani sanduku hilo ni friji. Si friji. Limezungushiwa kizuizi cha joto tu, na barafu iliyomo huyeyuka polepole mchana na usiku, ikilowesha kila kilichoachwa ndani. Mhudumu akizika chupa za bia humo zipate baridi upesi, chupa iliyotoka kwenye kreti lililolala sakafu ya ghala, uchafu wa chupa umeingia kwenye gilasi za wageni wote. Kuna wanaoweka humo pakiti za nyama au samaki. Kuna anayechota kwa mkono ule ule aliopokea pesa. Na kuna anayechota kwa gilasi. Huyu wa mwisho ni hatari mara mbili, kwani gilasi ikimegeka ndani ya barafu hakuna jicho linaloweza kutofautisha kipande cha kioo na kipande cha barafu. Likitokea hilo, barafu yote haina budi kutupwa na sanduku kusafishwa lote. Ni wangapi wanaofanya hivyo usiku wa Jumamosi, wageni wakingoja?

Chombo cha kuchotea kiwe na mkono mrefu, kiwe cha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, kioshwe kila siku, na kisiachwe kimelala ndani ya barafu. Kiwe na mahali pake nje, pasafi na pakavu. Mfuniko wa sanduku ufungwe kila baada ya kuchota. Haya hayana gharama yoyote.

Sasa nije kwenye usafishaji wenyewe, ambao una sehemu mbili zinazochanganywa na watu wengi. Kuondoa ukoko ni kazi moja, na kuua viini ni kazi nyingine. Kwa ukoko hutumiwa dawa ya asidi, ile iliyopendekezwa na watengenezaji, ambayo huzungushwa ndani ya mashine na pampu yenyewe. Haifai kununua asidi yoyote dukani, kwani mabamba mengine yamepakwa nikeli, na asidi isiyofaa huibambua ikaanza kumwagika kwenye barafu. Baada ya asidi mashine isuuzwe kwa maji mengi. Kisha vipande vinavyofunguka vifunguliwe, visuguliwe kwa brashi, sabuni na maji ya vuguvugu, hasa pembe na mikunjo ya mipira, mpaka utelezi wote utoke. Hapo tu ndipo dawa ya kuua viini ina kazi. Kumwagia dawa juu ya utando ni kama kunyunyiza manukato juu ya nguo chafu.

Kwa sanduku, vipande vya plastiki na vyombo vya kuchotea, dawa ya klorini tunayoitumia nyumbani yatosha. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, katika lita moja ya maji kitafaa. Isiwe ile yenye manukato. Vitu vilowe kwa dakika chache, kisha viachwe vikauke vyenyewe bila kupanguswa kwa kitambaa, maana kitambaa cha jikoni ndicho kilicho kichafu kuliko vyote. Kwa bamba la kugandishia na njia za maji, ifuatwe dawa iliyotajwa katika kitabu cha mashine, kwa sababu klorini hula baadhi ya metali.

Hapa lazima nitoe onyo kali. Asidi ya kuondoa ukoko na dawa ya klorini zisikutane kamwe, wala katika ndoo moja wala ndani ya mashine. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu na katika chumba kidogo kisicho na dirisha yaweza kuua. Mfanyakazi anayetumwa kusafisha mashine chini ya ngazi au nyuma ya baa ni lazima aelezwe hili kwa lugha anayoielewa, apewe glavu na miwani, na mlango uachwe wazi.

Kabla ya kazi kuanza, barafu yote iliyomo hutupwa. Baada ya kazi, barafu ya kwanza kutoka nayo hutupwa. Hapa ndipo wenye biashara hukunja uso, kwani kwao ni kama kumwaga pesa. Lakini ni maji na stima ya siku moja tu.

Hili lifanywe mara ngapi? Watengenezaji wengi hutaja angalau mara mbili kwa mwaka. Kwa maoni yangu, hiyo ni kwa mashine iliyo mahali pasafi yenye maji mazuri. Mashine ya baa, ya jikoni kunakookwa mikate, au inayotumia maji ya kisima, ningependa ioshwe kila baada ya miezi mitatu, na penye ukoko mwingi kila mwezi. Sanduku limwagwe na kuoshwa kila wiki. Na kila maji yanapokatika na kurudi yakiwa na rangi, au kunapotangazwa mlipuko wa kipindupindu mjini, mashine isimame kwanza mpaka maji yathibitishwe.

Jambo dogo ambalo bwana afya angeweza kulitazama kwa dakika moja ni bomba la kutolea maji machafu. Bomba hilo halipaswi kuzamishwa moja kwa moja katika shimo la maji taka. Liwe na nafasi ya hewa kati ya mwisho wake na shimo, ili mtaro ukiziba maji machafu yasipande kuingia kwenye sanduku la barafu. Nimeona mabomba yaliyosukumwa ndani kabisa na kuzibwa kwa simenti ili sakafu isilowe.

Nirudi kwa lile la wahudumu. Chini ya sheria zetu, mtu anayeshughulikia chakula lazima awe na cheti cha afya, nacho hurudiwa kila miezi sita. Msichana anayebeba sahani hupanga foleni, hutoa choo na damu, hulipa ada kutoka mshahara wake mdogo. Asipokuwa na cheti hufukuzwa kazi au hupelekwa kortini. Siipingi kanuni hiyo, ingawa kipimo cha leo hakimzuii mtu kuambukizwa kesho. Lakini mashine ya barafu inayohudumia watu wote aliowahudumia msichana huyo, haina cheti, haina kitabu cha usafi, na kwa kawaida haifunguliwi na mkaguzi. Mkaguzi hutazama choo, sinki, ghala na kuta, akaandika ripoti na kwenda zake.

Kipindupindu kikitangazwa, wa kwanza kufukuzwa ni mama muuza matunda na kijana wa juisi ya miwa, na ndoo zao huvunjwa na askari wa kaunti mchana kweupe. Pengine ni lazima. Lakini kijana yule barafu yake ameinunua mahali fulani, na mara nyingi ni bonge lililotoka kiwandani au bandarini, lililofungwa kwa gunia na kuburutwa chini. Kumvunjia ndoo bila ya kuuliza lilikotoka bonge ni kukata jani na kuacha mzizi.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha kwamba tukitaka tunaweza. Mwishoni mwa 1997, kwa sababu ya kipindupindu, Muungano wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Viwanda vya samaki vya Ziwa Victoria vilipata hasara kubwa. Katika miaka iliyofuata masharti ya usafi yalikazwa, na leo barafu inayomgusa mbuta wa kupelekwa Ulaya haina budi kutokana na maji yaliyopimwa, na kiwanda huweka rekodi zake. Kwa hiyo nchi hii ina wataalamu wanaojua kuikagua barafu, ina maabara, na ina fomu. Samaki aliyekwisha kufa, tena atakayepikwa kabla ya kuliwa, hulazwa juu ya barafu yenye karatasi za ukaguzi. Mkenya aliye hai hutiliwa kwenye gilasi barafu isiyojulikana ilikotoka, naye huimeza mbichi.

Wala hapahitajiki sheria mpya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, tayari zimewapa maafisa uwezo wa kuingia, kukagua na kuchukua sampuli. Tangu 2013 kazi hiyo iko mikononi mwa kaunti. Ninapendekeza kwamba kila mashine ya barafu ibandikwe kadi inayoonyesha tarehe iliyosafishwa, dawa iliyotumiwa na jina la aliyesafisha, na kwamba mahali pasipo na kadi hiyo leseni ya chakula isitolewe wala isifanywe upya. Mara moja au mbili kwa mwaka, bila ya taarifa, sampuli ya barafu ichukuliwe na kupimwa kama maji ya kunywa yanavyopimwa.

Wenye mahoteli watasema gharama ya biashara imepanda na hawahitaji mzigo mwingine. Ninawaelewa, nami nalipa kodi hizo hizo katika kliniki. Lakini ukoko hupunguza barafu na huongeza bili ya stima, na pampu iliyojaa chokaa hufa mapema. Mashine iliyosafishwa hudumu zaidi, nalo ni jambo ambalo fundi yeyote mwaminifu atalithibitisha. Na hoteli ikifungwa kwa wiki moja tu kwa sababu ya kipindupindu, hasara yake hulipia usafi wa miaka mingi.

Hospitali zilizo na mashine hizi nazo zisijione zimesamehewa. Huko ndiko kuna wagonjwa wa saratani wanaopewa vipande vya barafu kutuliza vidonda vya kinywa, wazee, na watu ambao kinga yao ya mwili imeshuka. Katika nchi nyingine mashine za barafu za hospitali zimewahi kupatikana na viini viitwavyo lejionela, vinavyoleta nimonia mbaya. Mashine ya wodini isiachiwe ndugu na wageni wajichotee, na dawa au sampuli za maabara zisihifadhiwe ndani yake hata kwa saa moja.

Kwa msomaji ambaye Jumamosi hii ana harusi, ushauri wangu ni mwepesi. Soda iliyotoka kwenye friji haihitaji barafu. Ukitaka barafu, muulize weita inachotwa kwa nini. Ukiona anaingiza gilasi au mkono ndani ya ndoo, mrudishie kinywaji na uombe kingine katika gilasi nyingine, maana kuiondoa barafu baada ya kuyeyuka nusu hakusaidii. Nyumbani, vitrei vya barafu vioshwe kwa sabuni kila wiki na vijazwe maji yaliyochemshwa yakapoa. Watoto wachanga na kina mama wajawazito ni heri wasitumie barafu ya nje kabisa.

Na kama tayari mtu ameanza kuhara maji mengi kama ya mchele, asingoje asubuhi. Anywe maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, yale ya pakiti zinazouzwa madukani ya dawa au kutolewa bure katika zahanati za serikali, anywe mengi, na apelekwe hospitali mara moja. Akifika amwambie daktari kila alichokula na kunywa kwa siku tano zilizopita, barafu ikiwemo.